Walichoona Nanyamba ni Mgongo Tu

Sikujitoa. Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa ndani ya bajaji, nimeulizwa hata msibani nikiwa nimeshika sahani ya wali, na jibu langu ni hilo hilo. Anayetaka jibu jingine aiulize simu yake, maana wengi wanayo ile video fupi: mimi niko ulingoni Nanyamba, nampa mpinzani wangu mgongo, nimeziba uso kwa glavu, na mwamuzi anapunga mikono kumaliza pambano. Kilichotangulia hakimo. Aliyerekodi alichelewa kuwasha simu.

Kwenye ndondi, ukimpa mwenzako mgongo ni sawa na kusema sitaki tena. Naijua hiyo sheria. Sihitaji kufundishwa na watu wa kijiweni ambao ngumi yao ya mwisho waliipiga kwenye meza ya drafti.

Promota wangu ni mtu wa bandarini, Mkristo wa bara aliyehamishiwa Mtwara kikazi kabla mimi sijaanza shule, akajenga Likombe karibu na kwetu. Alinikuta siku moja nazichapa na mvulana kwenye foleni ya maji, akaja kwa mama kuomba ruhusa anifundishe kupigana kwa adabu. Mama, ambaye ametulea kwa kubangua korosho, alimwambia anichukue tu, maana ndugu zangu pale nyumbani nilikuwa nawamaliza. Tangu hapo mimi namwamkia shikamoo mzee, naye ananiita mwanangu.

Pambano la Nanyamba alilipanga korosho zikiwa zimeshauzwa, watu wana fedha mfukoni na wanataka kuona damu kidogo. Mpinzani alikuwa dada mmoja kutoka Dar es Salaam. Ulingo ulijengwa uwanjani, mchana, jua kali. Asubuhi ikagundulika kwamba turubai la kutandika juu ya mbao limesahaulika Mtwara. Mzee akahangaika huku na huku, mwishowe akaazima jingine kwa kikundi cha kina mama wabanguaji. Lilikuwa pana, zito, limeenea kama limekatiwa ulingo wetu. Vijana wakalisugua kwa sabuni mpaka likatoa povu jeupe, wakalianika, wakalitandika.

Mtu wa kwetu anajua kwamba ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, ndiyo maana wabanguaji hupaka majivu mikononi. Yakishaingia kwenye turubai, sabuni inayabembeleza tu. Jua likipiga yanapanda tena juu. Lakini mzee, pamoja na miaka yake yote Mtwara, korosho anazijua zikiwa zimeshakaangwa, kwenye bakuli, pembeni ya soda. Kina mama nao hawakuambiwa ni la nini. Walidhani linakwenda kuwa kivuli cha wageni waalikwa.

Mpaka raundi ya nne nilikuwa naongoza, na hata walionichukia waliona. Nikampata yule dada kwa ngumi ya kulia, akaenda chini kwa mikono miwili, glavu zikajisugua kwenye turubai. Mwamuzi akahesabu, yule dada akainuka. Utaratibu ni kwamba bondia akianguka, mwamuzi humfuta glavu kwenye shati lake kabla ya kuruhusu ngumi nyingine. Huyu wetu alikuwa na shati jeupe, jipya, akalionea huruma. Akasema tuendelee. Yule dada akarusha mkono wa kushoto, ngumi dhaifu ya mtu anayetafuta muda wa kupumua, ikanipata jichoni.

Mwanzoni ilikuwa kama moshi wa kuni. Nikarusha ngumi mbili tatu. Kisha kile kitu kikachanganyika na jasho, moto ukawaka. Nikajifuta kwa glavu, nikawa nimeusambaza hadi jicho la pili. Sasa sioni, na mbele yangu yupo mtu anayetaka kunipasua. Niligeuka kutafuta kona yangu ili nimwagiwe maji nirudi. Nirudi! Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, na nitalisema hadi nichoke. Badala yake nikasikia kengele, nikasikia uwanja unazomea, na sauti moja karibu na kamba ikisema, "Ntu kakimbia huyo!"

Harufu niliitambua pale pale. Nimekua nayo, imekaa kwenye nguo za mama yangu. Nikamwambia promota, "Mzee, ni mafuta ya korosho. Yapo kwenye turubai." Alikuwa ananimwagia maji usoni. Akasema, "Sawa, mwanangu, sawa," kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa asiye na akili zake.

Baada ya hapo alinitetea kuliko ndugu. Kulikuwa na pambano la mkanda lililopangwa kufanyika Mtwara mjini, nami nilikuwa mmoja wa wapiganaji. Mdhamini, mfanyabiashara wa saruji, alitaka niondolewe aingizwe binti mwingine, kwa sababu hawezi kuweka jina la duka lake mgongoni mwa mtu anayekimbia. Mzee akakataa. Akatishiwa kunyimwa fedha, akakataa tena. Watu wakamsifu kwa uaminifu wake, na mimi nikamsifu, mpaka jioni alipokuja kwetu, akaketi mkekani uani, akakohoa.

"Mwanangu, nimefikiria. Tuwaambie ulikuwa na malaria. Mgonjwa hasemwi."

"Sikuwa na malaria, mzee."

"Najua. Lakini hii habari ya turubai watu wanaicheka. Mwenzako aliliangukia, mbona yeye hakuungua?"

"Aliliangukia kwa glavu. Hizo glavu zilikuja kutua kwenye jicho langu."

Akatazama jikoni alikokuwa mama, akapunguza sauti. "Hapa tuko wawili tu. Ulijitoa?"

Sijawahi kupigwa nikaumia vile. Kumbe muda wote ule alikuwa ananitetea kama mzazi anavyomtetea mtoto aliyelamba sukari: anajua amelamba, ila ni wake. Machozi yakanitoka, ya hasira, na nikachukia kwamba ameyaona. Nikamwambia, "Mzee, kama huniamini usinitetee. Nitajitetea mwenyewe. Na hiyo malaria yako ondoka nayo." Mama alinifokea kutoka jikoni, kwa sababu mtu mzima hajibiwi hivyo. Alikuwa na haki ya kunifokea. Radhi lakini sikuomba, na mpaka leo sijaomba.

Nikafanya mazoezi peke yangu. Nilikimbia barabara ya Mikindani asubuhi, watoto wa shule wakinigeuzia migongo na kuchekelea, nami nikawaambia wageuke vizuri niwapige teke.

Siku ya kupima uzito nilikwenda ukumbini na maneno yangu nimeyapanga. Waandishi wa redio walikuwepo, mdhamini alikuwepo, na yule binti wa kuchukua nafasi yangu alikuwepo ameshavaa nguo za mazoezi. Kabla sijafungua mdomo, mzee akafika na vijana wawili wamebeba turubai. Alikuwa amelifuata Nanyamba mwenyewe. Akaagiza litandazwe nje, juani, akatuita sote tutoke.

"Turubai hili nililileta mimi," akasema. "Sikuuliza lilikuwa la kazi gani. Huyu binti anasema lilimuunguza. Nimekuwa nikimtetea kila mahali, na kusema kweli sijui kama ninachokitetea ni kweli. Leo nataka kujua."

Akavaa glavu moja. Akapiga goti, akaisugua kwenye lile turubai lililokuwa limeshapata moto, akainuka, akaikandamiza jichoni mwake. Nilimkimbilia nikachelewa.

Hapakutokea kitu. Mdhamini akacheka, mtu mwingine akapiga mluzi. Mzee alisimama wima na shati lake la kanisani, jasho likimtiririka. Mimi nilikuwa namwomba Mungu na sijui nilikuwa naomba nini, maana sikutaka aumie, na nilitaka sana aumie. Kisha jicho likaanza kupepesa. Akakunja uso. Akajifuta kwa mkono ule ule wenye glavu, kosa lile lile, na mtu mzima yule, mbele ya redio na mdhamini na kila mtu, akageuka akatupa mgongo, anapapasa hewa akitafuta ukuta.

Hakuna aliyecheka tena. Na hakuna aliyesema amekimbia.

Nilimshika mkono nikampeleka kwenye bomba nyuma ya ukumbi, nikamwinamisha, nikamfungua kope kwa vidole nikamwosha. Sikumbembeleza. Nilikuwa bado nimemkasirikia, na nilikuwa nampenda. Huko mbele tulisikia gari la mdhamini likiwashwa. Aliondoka na fedha zake, na pambano la mkanda likafa siku ile. Matokeo ya Nanyamba nayo hayakubadilishwa. Yanasema nilijitoa raundi ya nne, na yaendelee kusema, mdomo si wangu.

Mzee alipopata pumzi, macho bado ameyafumba, akauliza, "Na baada ya kuingia hii kitu, uliendelea kurusha ngumi?"

"Mbili tatu."

Akatikisa kichwa chini ya maji, muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "mimi ningejitoa."