Bakuli la Mlenda la Elikana

Kaka yangu Elikana alikuwa mbishi, na sitamsema vizuri eti kwa sababu amekufa. Alishuka kutoka kwetu milimani Vidunda akiwa kijana, akafungua banda la nyama choma stendi ya Dumila, na toka siku hiyo mboga za mama zikawa "majani". Ukimpikia maharage anakuuliza, "Kwani nimekukosea nini?"

Baba yetu aliuawa na saratani ya utumbo. Ndiyo maana nilimburuta Elikana mpaka kwa daktari Monica. Monica alimweleza taratibu: vinasaba vinavyoulinda utumbo vinaweza kuzimika, na huenda maharage, mboga za majani na ugali wa dona vikasaidia kuviamsha. "Huenda," alisema. "Na hiyo ni kupunguza hatari tu. Ukiona damu chooni, ule mboga usile, uje upimwe."

Mjinga yule akasikia nusu.

Damu ilipoanza, akaacha nyama ghafla. Mboga ya mlenda asubuhi, mlenda jioni, na wateja anawahubiria! Nikamwambia twende hospitali wakamwangalie utumbo kwa kamera. "Waniingize mpira huko nyuma, mimi mwanaume? Vinasaba vyangu vimeshaamka, Agnesi. Niache." Wakati huo suruali zinamvuka. Nilimchukia, Mungu anisamehe.

Nikamwita Joha, mtani wetu, maana mtani hafukuzwi wala hakasirikiwi. Joha alifika bandani amejifunga kanga kiunoni, akaketi chini mbele ya wateja, akaanza kumlilia Elikana kama maiti: "Uwiii, mtani wangu kafa kwa kuonea haya makalio yake!" Stendi nzima ilicheka. Elikana naye akacheka mpaka machozi, akamkatia Joha paja la mbuzi, ada ya utani. Hospitali hakwenda.

Alipokwenda, alibebwa. Madaktari walimfungua tumbo, wakalifunga bila kutoa kitu; saratani ilikuwa imeshaenea.

Msibani kule Vidunda, Joha alikuja kufanya kazi yake ya utani. Hakuigiza mwendo wa marehemu, hakudai ada, kama watani wafanyavyo msibani. Aliingia jikoni, akatoka na bakuli la mlenda, akaliweka juu ya jeneza.

"Haya mtani," akasema, "vimeamka?"

Hakuna aliyecheka. Mchungaji akanyoosha mkono aliondoe.

"Liache hapo hapo, baba mchungaji," nikamwambia.