Mgomo wa Jumanne

Siku Learco alipomwona Bi Zelinda kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa akikimbilia stesheni ya Ferrara na kandambili zake za nyumbani, akiwafukuza Wajerumani wawili. Learco, aliyekodisha baiskeli mbele ya stesheni, alidhani wamemwibia. Kumbe wamesahau mkate.

"Chukueni! Mkila wa Venisi mtalia!"

Treni ilipoondoka, akamgeukia Learco kana kwamba wamekua pamoja. "Umewaona hao? Siku sita wapo kwangu. Jana Ravenna, leo Venisi, kesho Bologna. Mji wetu mzima wameufanya godoro la kulalia tu!"

Learco akainamia mnyororo wa baiskeli. Alikuwa mtu wa haya.

Bi Zelinda alirithi kwa mama yake nyumba ya wageni yenye vyumba vitano. Saa za treni zote alizijua kwa moyo, ingawa Venisi yenyewe hakuwahi kufika. "Nikafuate nini? Maji ninayo bombani." Kila asubuhi aliwasindikiza wageni, kisha akaja kumlalamikia Learco. Miaka kumi na mmoja Learco alisikiliza, na jioni alijikuta akiingoja asubuhi.

Kisha magoti ya Bi Zelinda yakazikataa ngazi. Binti yake aliyeko Torino akaamua: mwisho wa Oktoba nyumba ifungwe, mama ahamie kwake.

"Sitaki makubwa, Learco," alisema Bi Zelinda. "Mgeni mmoja tu, siku moja nzima, auone mji wetu kabla sijafunga mlango."

Wageni wa mwisho walikuwa Waholanzi, Bwana Hoekstra na mkewe. Siku nne walishinda kwenye treni. Siku ya tano, iliyokuwa ya mwisho kwao, Bi Zelinda alitangulia stesheni.

"Leo kuna mgomo wa treni."

"Jumanne?" Learco alishangaa. Tangu lini Mwitaliano akagoma Jumanne? Mgomo ni Ijumaa, uungane na mapumziko ya wikendi.

"Wao Waholanzi, watajuaje? Wewe tikisa kichwa tu."

Wageni wakafika, wakapewa habari. Bwana Hoekstra akamtazama Learco. Learco akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyefiwa. Papo hapo treni ikaingia, ikipiga honi.

"Na hiyo je?" aliuliza Bwana Hoekstra.

Bi Zelinda akamkanyaga Learco mguu.

"Hiyo..." alisema Learco. "Hiyo inakwenda kugomea Venisi."

Wakakodi baiskeli mbili. Hawajafika hata njia panda, ukungu ukashuka, mzito kama uji. Kasri likamezwa, kanisa likamezwa, na wageni nao.

"Nimeipata siku, mji umetoroka!" alilia Bi Zelinda. Hakurudi nyumbani. Alikaa kwenye kigoda cha Learco akitafuna ncha ya aproni.

Jioni wageni wakarudi, wamelowa chapachapa.

"Mmeona nini?" aliuliza Bi Zelinda kwa sauti ndogo.

"Hatukuona kitu," alisema Bibi Hoekstra. "Juu ya ukuta wa mji tumemgonga mzee mmoja. Ametutukana vizuri sana, halafu akatupeleka kwake kula vifuko vya unga vyenye boga ndani. Tumekaa mpaka saa kumi."

"Katuambia pia," aliongeza mumewe, "kwamba Jumanne hakuna anayegoma."

Learco akatamani ukungu ummeze na yeye.

"Kwa hiyo tumeahirisha safari," alisema Bwana Hoekstra. "Kesho tunataka kuuona huu mji. Mtatuambia nini kimegoma kesho?"

Bi Zelinda alicheka hadi akalia, au alilia hadi akacheka. Learco hakuthubutu kumtazama.

Mwisho wa mwezi Learco alimbebea sanduku mpaka ndani ya behewa. Alikuwa na sentensi aliyoitunza miaka kumi na mmoja. Kilichotoka kilikuwa: "Safari njema, Bi Zelinda."

Bi Zelinda akatoa kichwa dirishani. Majira ya baridi yaliyofuata hakuyamaliza akiwa hai, na Learco hakusikia tena neno kutoka kwake baada ya haya:

"Usinililie, mjinga wewe. Torino naenda kulala tu. Mchana nitashinda hapa."