Amplifaya ya Thuranira na mayai ya Wamucii

Jua linaegemea milima ya Nyandarua, na hapa Chaka, karibu na barabara ya kwenda Nanyuki, Wamucii anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu anunue mashine yake ya kuangulia vifaranga. Anachomoa plagi.

Anaifunika mashine kwa blanketi mbili, anavuta kiti na kuketi kando yake kama mtu anayeuguza mgonjwa. Ndani mna mayai ya wateja, yamebakiza siku mbili tu yaanguliwe.

"Niko na nusu saa pekee. Ikipita hapo inapoa, na hayo mayai ni ya wenyewe," anasema. "Baba Sheila, umesikia?"

"Nimesikia, mama," anajibu mumewe, Thuranira, mwenye umri wa miaka 58. Kisha anawasha amplifaya yake ya redio kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba.

Hii si amplifaya ya kwaya. Thuranira, ambaye kazi yake ni kusuka upya waya za mota zilizoungua, ana leseni ya kuzungumza hewani na watu wa nchi nyingine kwa mapenzi tu, bila malipo wala mtandao. Redio yake ni ndogo. Sanduku hili, ambalo watu wawili hulibeba wakihema, ndilo linaloipa sauti yake nguvu ya kuvuka bahari.

Alilinunua kwa padri mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Transfoma yake ilipoungua, aliisuka mwenyewe, usiku baada ya usiku, mpaka likanguruma tena. Analipenda, na hafichi.

Lakini nyumba hii ina riziki nyingine. Kila Thuranira alipozungumza hewani, mawimbi yaliingia kwenye kidhibiti cha joto cha mashine ya mkewe na kukivuruga. Jioni moja alipiga gumzo refu na rafiki wa ng'ambo. Wamucii alipofungua mashine, mvuke ulimpiga usoni.

"Alinichemshia mayai ya watu wa Giakanja!" anasema Wamucii, na sasa anaweza kucheka. "Ati mtu analeta mayai apate kuku, unamrudishia breakfast."

Wateja walilipwa. Thuranira akaizima amplifaya, na hakuna aliyemwambia aizime. Baadaye akaamua kuiuza kwa Sh90,000, pesa za kumnunulia mkewe mashine ya pili.

Kuuza ndiko kulikomtoa jasho. Wa kwanza kuja alitaka ya kuimbia kanisani, akaondoka amenuna. Wa pili aliitazama kwa furaha, akauliza ina kilo ngapi za shaba. Thuranira alimsindikiza kwa adabu hadi barabarani, akarudi, akafunga geti.

Wa tatu ndiye Kinuthia, mfanyabiashara wa nyanya kutoka Kagio, aliyepata leseni yake ya redio mwaka jana. Huyu alijua anachotafuta, ila alikuwa na sharti moja.

"Fundi, mimi sinunui ng'ombe kabla nione ikikamuliwa," alisema. "Washa, uongee na mtu wa mbali, nisikie akijibu. Saa hiyo hiyo nalipa."

Ndivyo mifugo inavyouzwa hapa Chaka, na Thuranira hakuwa na la kubisha. Ila angewashaje? Mashine ya Wamucii haikai tupu hata siku moja. Wiki tatu mnunuzi alingoja, na Thuranira hakuthubutu kumwomba mkewe. Mwishowe ni Wamucii mwenyewe aliyesema, akimimina chai, kwamba hata kuku huacha mayai akaenda kula, kisha akarudi.

Basi leo yuko kitini, mkono juu ya blanketi. Kinuthia amesimama mlangoni, kofia mkononi. Thuranira anaita hewani kwa Kiingereza. Kimya. Anaita tena. Mchakacho tu. Wamucii anatazama saa ya ukutani, anauma mdomo.

Ndipo sauti ya mzee inapopenya, nyembamba lakini safi. Ni Anselmo, mstaafu wa reli kusini mwa Chile, rafiki wa Thuranira wa miaka tisa ambaye hawajawahi kuonana naye ana kwa ana.

"Thuranira! Nilidhani umekufa!" anapaza sauti. Kisha, kabla hata ya kuuliza hali ya hewa: "Na mayai ya Wamucii, vipi?"

Wamucii anasimama.

"Ananijua?"

"Nilikuwa namwambia kila wiki," anasema Thuranira, macho chini. "Nikiongea na yeye nitaongea nini ingine?"

Miaka yote hiyo Wamucii aliamini wanaume hao wanazungumza habari za nyaya. Sasa yuko mezani, ameegemea bega la mumewe. "Mwambie imebaki siku mbili. Mwambie yale ya Giakanja uliyapika wewe!" Huko Chile mzee anacheka mpaka anakohoa, na Wamucii anacheka huku akifuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

Anayekumbuka saa ni Thuranira. "Mama Sheila," anasema taratibu, "mayai." Anamuaga Anselmo, anazima swichi, anairudisha plagi ya mkewe ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

Kinuthia alilipa bila kuomba apunguziwe hata shilingi. Siku mbili baadaye, vifaranga walitoka, wakipiga kelele nyumba nzima.

Bila amplifaya, redio ndogo ya Thuranira haimfikii Anselmo, lakini Kagio inafika vizuri, na haivurugi mashine. Jumapili alimwita Kinuthia hewani, naye akapeleka habari za vifaranga hadi Chile kwa amplifaya ileile. Wamucii hakubanduka redioni mpaka jibu liliporudi.

Tangu hapo Wamucii ameanza kusomea mtihani wa leseni, ili siku moja aende Kagio azungumze mwenyewe kwa amplifaya hiyo. Thuranira humfundisha jioni, wakishamaliza kugeuza mayai.

"Nimechoka kutumana," anasema Wamucii. "Siku ingine huyo mzee akiuliza mayai, ajibiwe na mwenye mayai."