Wimbo wa Mwizi wa Pampu

Tangu pampu ya kijiji iibwe, Lisineti alitwanga mahindi peke yake nyuma ya nyumba. Kwenye vinu vya pamoja kulikuwa na wimbo, na wimbo ulikuwa wake:

Lisineti kala chuma,
tumbo lalia kengele!

Aliyeutunga ni Malita, mke wa Bizeki, mwenyekiti wa kamati ya maji. Kwetu Dedza, huku Malawi, wimbo wa kinuni ni hukumu, na hukumu hiyo haina rufaa.

Kosa la Lisineti lilikuwa kutunza spana. Watu wa mradi walipochimba kisima walisema maji ni ya wanakijiji, basi wanakijiji wachague wenyewe wa kuyatunza. Wakamchagua yeye kwa vigelegele, akakabidhiwa spana ya pampu. Halafu siku ya mazishi ya mfumu, chifu wetu wa zamani, kijiji kizima kikiwa makaburini, mtu akaifungua pampu na kuondoka na mpini na vyuma vyake vyote. Bizeki alisimama mkutanoni akauliza, "Spana inalala nyumba ya nani?" Hakuongeza neno. Wanawake wakarudi kuchota bondeni pamoja na ng'ombe, na jirani aliyezoea kumwomba Lisineti chumvi akaacha hata kumsalimia.

Lisineti alimjua mwizi. Mbwa wake, aliyependa kulala kwenye ubaridi wa pampu, alirudi siku ile akichechemea. Tangu hapo, kila Bizeki akipita, mbwa alifyata mkia na kujificha chini ya ghala. Tena Bizeki alikuwa mmoja wa wachimba kaburi, na mchimba kaburi kwetu huzurura na jembe lake bila kuulizwa anakwenda wapi.

Lakini nani atampeleka mbwa barazani akatoe ushahidi? Akanyamaza. Asidhani mtu kwamba alisamehe. Alimchukia Bizeki akisonga sima, alimchukia akipalilia, alimchukia kanisani akiwa amefumba macho. Hakutaka fidia. Alitaka aaibike mbele ya watu wale wale, mchana kweupe.

Mradi ukarudi, safari hii na ngoma. Waliikuta pampu imekufa, wala hawakuuliza kaiba nani. Wale hawaulizi, wanawezesha. Wanakijiji waigize tatizo lao wenyewe, wakasema. Atakayeona jambo linaigizwa visivyo, apige kelele "Simama!", aingie uwanjani na kuonyesha lilivyo. Na akishasema simama, lazima aingie.

Lisineti aliisikia sheria hiyo, akaenda moja kwa moja kwa Divala, mchekeshaji wetu, na kibuyu cha togwa.

"Wewe utakuwa mwizi."

"Mwizi hodari?"

"Mwoga. Bizeki anaweza kuvumilia kuitwa mwizi, kuitwa mwoga hawezi."

"Mwoga kiasi gani, mama?"

"Mpaka ujikojolee."

Siku ya mchezo Divala aliingia na jembe begani, akatetemeka mbele ya pampu kama kuku aliyenyeshewa. Mtoto mmoja akabweka, akiwa ndiye mbwa. Divala akapiga yowe, akaparamia ua wa miiba, akajimwagia maji mapajani. Watu wakacheka hadi wakashikana.

"Mama yangu wee! Nakufa!" Divala akalia. "Na mimi najiita dume!"

Kila mtu alijua dume wa kijiji ni nani. Vicheko vikaanza kumgeukia Bizeki, na mishipa ya shingo ikamsimama.

"Simama!" akanguruma. "Upuuzi gani huu? Nani alikimbia? Yule mbwa nilimpiga teke moja tu akanyamaza! Na spana ya mkokoteni ilitosha, sikuhangaika hata—"

Mdomo uliponza kichwa. Aliufunga, ila maneno yalikuwa yameshatoka.

Divala akavua kofia ya mwizi, akamnyooshea. "Karibu, mzee. Nafasi ni yako. Ndiyo sheria."

Thoko, binti wa mradi, alisogea haraka akitabasamu kwa wasiwasi. "Mama Lisineti, mnaonaje mkapeana mikono?"

"Mwanangu, si ulisema tuamue wenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tulia, tuamue."

Mfumu mpya alitaka Bizeki atozwe mbuzi na aombe radhi. Mkokoteni wake uuzwe ununue vyuma vipya, Lisineti akasema, hilo ni la kijiji. Yeye mbuzi hamtaki, na radhi akamwombe mbwa.

"Mimi nataka wimbo wangu," akasema. "Na aliyeutunga ndiye auanzishe."

Asubuhi alijitwika kinu chake akakiweka katikati ya wenzake. Malita alikuwa anatwanga kimya, macho chini.

"Shoga, wimbo."

"Lisineti, jamani, huyo ni mume wangu. Nina watoto naye."

"Wangu pia waliusikia."

Wanawake wakaangalia mahindi yao. Wote walikuwa wameuimba, na hakuna aliyethubutu kuomba yaishe. Malita akainua mchi, akaanza kwa sauti iliyopasuka: fulani kala chuma. Machozi yakadondoka kwenye unga. Lisineti aliyaona. Moyo wake ukataka kulegea, akaukatalia.

"Rudia," akasema, akiendelea kutwanga. "Hapo kwenye jina sikusikia."