Picha ya Kifua Ambayo Sikupigwa

Nilikohoa mara moja tu, damu ikatua kwenye gomesi, gauni la bibi harusi, palepale kwenye mshono wa bega. Mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya cherehani yangu, soko la Nateete, akingoja nimalize. Akarudi nyuma, akaziba mdomo kwa kitambaa. Nikajua. Marehemu mume wangu, polisi, alikohoa hivyohivyo tulipokuwa tukilala chumba kimoja kambini. Alitibiwa kifua kikuu akapona; ajali ya gari ndiyo iliyokuja kumchukua.

Miezi minne kabla ya damu hiyo, shida yangu ilikuwa vidole. Asubuhi vimevimba, haviwezi hata kutunga uzi. Daktari wa kliniki moja ya Bugolobi akasema ni baridi yabisi. Kuna protini mwilini, kazi yake kuita askari wa mwili wapigane na magonjwa. Yangu imezidi, inawatuma wanipige mimi mwenyewe kwenye viungo. Alikuwa na sindano ya kuizuia.

Nikamwambia habari za mume wangu, bila kuulizwa.

"Mama, alikohoa yeye au wewe?"

"Yeye."

"Basi leo tunamtibu nani?"

Muuguzi akacheka. Daktari akaendelea, "Picha ya kifua utapiga wiki ijayo, mashine imeharibika. Dawa imeshatoka kwenye friji, haingoji."

Nikakunja mkono wa gauni. Wiki hiyo ijayo haikufika. Vidole vilifunguka, nisiseme uongo, nikashona kama msichana.

Aliyenieleza ni daktari wa pili, mwanamke aliyenitibu kifua. Vijidudu vya mume wangu vilikuwa vimelala ndani yangu miaka yote, na protini ileile iliyonivimbisha vidole ndiyo iliyokuwa imevifungia. Ilipozuiwa, vikatoka. Kila anayetoa sindano hiyo analijua hilo, akasema, ndiyo maana mtu hupimwa kwanza.

Nikarudi Bugolobi kudai nakala ya faili langu. Nasoma polepole, lakini nasoma. Mwandiko wa daktari: picha ya kifua imeonekana, ni safi.

Vidonge nimemaliza, miezi sita. Pafu lililoharibika halirudi.

Wewe daktari, nawe muuguzi uliyecheka kisha ukatia sahihi chini yake, picha mliyoiona ni ya nani? Nilipigwa siku gani, kwa mashine ipi? Nijibuni kwa maandishi, kwa mwandiko uleule.