Siti Iliyogoma Kurudi Nyuma

Bolti ile aliifunga mume wangu mwenyewe. Enzi hizo alikuwa anabeba katoni za viatu kutoka ghalani hadi fremu yetu ya duka Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, na ili katoni zienee nyuma aliivuta siti ya abiria mbele hadi mwisho. Ilikuwa inateleza kurudi, basi akatoboa reli yake pamoja na sakafu ya gari, akapitisha bolti ndefu na kuifungia nati kwa chini. Akaikaza kwa nguvu zake zote, na nguvu wakati huo alikuwa nazo.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ukawa haukunjiki vizuri, siti ya mbele ikawa haina nafasi ya kuunyoosha, na siku za kliniki ya mazoezi, kule Upanga, tukawa tunamlaza siti ya nyuma. Mpangaji wa chumba cha mbele anashika mabega, mimi nashika miguu, na majirani zetu wa Ilala wanatutazama na kutupa pole. Mara ya tatu ya kubebwa hivyo, alisema haendi tena.

"Mimi si gunia," akaniambia.

Akakosa miadi miwili. Mtaalamu wa mazoezi alinipigia simu, akanieleza kwa upole kwamba foleni ni ndefu, na akikosa tena, nafasi yake atapewa mwingine. Miadi ilikuwa Alhamisi, mwisho saa sita mchana. Nikamuuliza mume wangu, siti ya mbele ikirudi nyuma, utapanda mwenyewe? Akasema atapanda.

Fundi niliyemwita Jumatano alitumia soketi isiyo saizi yake, akazila kingo za kichwa cha bolti hadi kikabaki duara tupu. Akasema anakwenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, kuchukua soketi nyingine. Mpaka leo sijamwona, na simu hapokei.

Alhamisi, baada ya swala ya alfajiri, nikaamua kuingia kazini mwenyewe. Nina miaka hamsini na sita na magoti yangu hayataki hata kukaa mkekani. Nikalipiga gari jeki, nikapanga matofali, nikatandika boksi chini na kujisukuma mvunguni na dera langu. Mume wangu nilimwekea kiti cha plastiki mlangoni mwa gari, akabana kichwa cha bolti kwa koleo lile linalojifunga lenyewe, kwa mkono wa kushoto uliobaki mzima. Yeye azuie juu, mimi nizungushe nati chini. Dawa ya kutu hatukuwa nayo, nikamimina mafuta ya breki, tukangoja yanywee. Nikavisha spana, nikaigonga kwa nyundo. Kutu ikanimwagikia machoni.

"Unakaza," akasema. Siku hizi maneno yake yanatoka kwa shida, lakini hilo lilitoka safi kabisa.

"Shika koleo lako."

Nikagonga tena.

"Mama, unakaza."

Hapo nikawaka. "Aliyekaza ni wewe! Miaka yote nimekaa humu magoti yanagusa dashibodi, nakuomba uilegeze, unaniambia mzigo kwanza. Leo nimelala chini ya gari kwa ajili yako, halafu unanifundisha?"

Akainamia koleo lake. Nilijua nimemuumiza, na sikuomba radhi. Niliendelea kugonga kwa hasira, muda mrefu, mpaka mikono ikaishiwa nguvu na nikalaza kichwa kwenye boksi. Hapo ndipo nilipoitazama spana vizuri. Kichwani mwangu nilikuwa bado naiona bolti kama mtu anayeitazama kutoka juu, na kutoka chini kila kitu kinageuka. Asubuhi nzima nilikuwa nakaza. Nilichoka kiasi kwamba hata kulia nilishindwa.

"Kweli, nilikuwa nakaza," nikasema kutoka mvunguni.

Alikuwa na haki ya kunicheka. Hakucheka.

"Geuza," akasema. "Nimeshika."

Nikageuza. Nikavisha kipande cha bomba kwenye mpini wa spana kuongeza nguvu. Nati ikalia, ikasogea robo, ikagoma. Nikalivuta bomba kwa mikono miwili. Bolti ikakatika na spana ikanipiga kidevuni. Kipande cha chini kiliniangukia kifuani pamoja na nati yake, cha juu alikichomoa yeye.

Nilipotoka chini, adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha zamani. Sikumwambia ni saa ngapi, wala hakuuliza. Niliondoa matofali, nikashusha jeki, nikaisukuma siti ikarudi hadi meno ya mwisho na kujifunga. Akasimama, ameshika mlango. Nikanyoosha mkono, akanikatalia kwa macho. Alianza kwa kukaa, kisha akaukamata mguu wa kulia kwa kitambaa cha suruali, akauinua na kuuingiza ndani. Jasho lilimtiririka. Mpangaji alikuwa barazani, nikamwashiria asisogee. Mkanda aliufunga mwenyewe. Mlango aliuvuta mara mbili, ya pili ukafungika.

Nikakaa kwenye usukani, mikono imejaa grisi, nikashindwa kugeuza ufunguo.

"Wameshafunga, baba watoto," nikasema. "Tangu saa sita. Nafasi imekwenda."

"Najua."

Nikangoja aniambie nimsaidie kushuka. Alikuwa anatazama mbele, mkono wa kushoto umeshika goti la kulia.

"Washa," akasema. "Nimeshapanda."