Faili Mbili za Jina Moja

Nilikuwa fundi wa kompyuta pekee katika hospitali moja ya Moshi, na sifa hiyo ilinilevya. Ilikuwa miaka ile kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya zilipoanza kuingia kwa wingi, na mtu aliyejua kuziwasha na kuzizima aliitwa mtaalamu. Mimi nilijua zaidi ya hapo kidogo. Hicho kidogo ndicho kilichotuponza.

Kliniki ya kifafa ilikuwa na programu yake, iliyoandikwa na daktari mmoja Mzungu ambaye alikuwa amesharudi kwao. Kila Jumatatu ilichapa orodha ya wagonjwa ambao tarehe yao ya kuchukua dawa imepita na hawajaonekana. Muuguzi alichukua orodha hiyo, akapanda pikipiki kwenda kuwatafuta, Mwika, Rombo, hadi Tarakea mpakani. Wengi walikuwa watu wanaofichwa na ndugu zao nyuma ya nyumba. Mgonjwa wa kifafa akikosa dawa huku analala karibu na mafiga, ajali yake inajulikana. Nimeona mkono ulioungua mpaka vidole vimeshikana.

Mashine iliyobeba programu hiyo ilikuwa kuukuu, ikitumia mfumo wa ukoo wa Unix, na feni yake ilikuwa imeanza kukoroma. Tulipata mashine mpya yenye mfumo mwingine wa ukoo huohuo. Kuwa ukoo mmoja hakusaidii sana. Mrombo na Mmachame wote ni Wachagga, lakini kila mmoja akiongea cha kwao, mwishowe watatafuta Kiswahili. Programu ya kule haikuelewana na mfumo wa huku, na maandishi ya asili ambayo ningeyatumia kuitengeneza upya, daktari aliondoka nayo. Barua tulizomwandikia hazikujibiwa.

Tungeweza kutengeneza rejista mpya, rahisi, tukawaandika wagonjwa wote upya mmoja mmoja. Au tungeweza kutumia kitu ambacho mfumo mpya ulikuja nacho: mazingira ya kuiga, yaani chumba ndani ya mfumo ambamo programu ngeni hudanganywa kwamba bado iko kwao. Daktari wa kliniki aliniachia mimi.

"Wewe ndiye fundi," alisema. "Amua."

Karani wa kliniki alikuwa mama mmoja wa Mwika, Mlutheri, aliyebakiza miaka michache astaafu. Yeye ndiye aliyekuwa akiingiza majina tangu programu ilipoanza, na alichagua kabla sijamaliza kueleza.

"Tuandike upya, mwanangu. Miezi mitatu haifiki. Nitakuja hata Jumamosi."

"Mama, utaumiza macho bure. Hii nyingine ni kazi ya siku mbili."

Sikumdanganya. Lakini naijua sababu iliyonisukuma na inaniaibisha hadi leo. Kuandika majina upya angeweza mtu yeyote. Kuidanganya programu ningeweza mimi tu, na nilitaka watu waone.

Waliona. Siku ya pili programu ilifunguka kwenye mashine mpya na daktari akanipa mkono. Mama alisema "Aika", asante ya Kichagga, kwa sauti ndogo, kisha akavuta kaunta buku yake na kuanza kuandika kwa kalamu kila mgonjwa aliyemwingiza kwenye kompyuta. Alifanya hivyo wiki tatu. Ikafika siku akaniuliza:

"Hii kaunta buku niendelee nayo au niache?"

"Iache, mama. Kazi moja unaifanya mara mbili ya nini?"

Akaifunga, akaiweka kabatini.

Mazingira yale yana tabia yake. Programu ikiomba faili, mfumo huitafuta kwanza ndani ya chumba. Ikiwemo, inatumia hiyo. Isipokuwemo, ndipo hutoka nje kwenye faili halisi. Nililijua hilo, nilikuwa nimelisoma. Wakati wa majaribio niliweka nakala ya rejista ndani ya chumba ili nisije nikaharibu ile halisi, kisha nikasahau kuitoa. Miezi minane mama aliandika wagonjwa kwenye nakala yangu ya majaribio. Mkanda wa akiba niliourekodi kila jioni ulinakili ile faili ya nje, yenye jina hilohilo, ambayo hakuna aliyeigusa. Ukubwa wake haukubadilika hata siku moja, na mimi sikujiuliza.

Diski ilipojaa nilipekua, nikaikuta ile nakala, nikaitambua kuwa uchafu wangu wa majaribio. Nikaifuta. Nakumbuka niliridhika, kama mtu aliyefagia uwanja.

Asubuhi iliyofuata mama aliniita. Programu ilikuwa imefunguka bila kulalamika, ikionyesha rejista ilivyokuwa siku ile tulipohama.

"Wa kuanzia masika hawapo," alisema.

Nilipitia mkanda baada ya mkanda. Yote ilikuwa na rejista ileile ya siku ya kuhama. Kadi ya kliniki alikaa nayo mgonjwa mwenyewe. Kwenye dirisha la dawa waliandika namba tu, na bila programu namba haikuwa na mtu. Kaunta buku ya kabatini ilikuwa na wale wa wiki tatu za mwanzo tu. Mama alikumbuka wengine wachache kwa kichwa, na muuguzi akaenda kuwatafuta. Kwa mmoja alikuta kaburi jipya migombani. Hakuna aliyeniambia ni kwa sababu yangu, na hakuna aliyeniambia si kwa sababu yangu.

Waliokuja wenyewe kliniki tuliwaandika upya, na kwa wiki kadhaa nilijifariji nikiona majina yanarudi. Ujinga mtupu. Orodha ile haikuwahi kuwa ya watu wanaokuja wenyewe.

Kwetu mlimani ukimkosea mtu unamwendea na jani la sale, mmea ule unaopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba. Aliyeletewa sale haruhusiwi kukataa kusamehe. Jumamosi moja nilikata jani nyumbani nikapanda Mwika. Nakiri kwamba nililichukua kwa sababu hiyohiyo, kwamba halikataliwi.

Nilimkuta mama akimkatia ng'ombe mgomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Aliliona jani kabla sijasema neno. Akaweka panga chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimepokea. Kati yangu na wewe yameisha."

Nikaanza kushukuru. Alinikatiza.

"Sasa wale wengine, nao wapelekee."

"Niwapelekee wapi, mama?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Akaokota panga lake akaendelea kukata. Juu yetu na chini yetu palikuwa na migomba na moshi wa majiko, nyumba baada ya nyumba, na mimi sikuwa na jina hata moja la kuulizia.